Ngome Isiyo na Paa

Azrak, Jordan
Jumapili, 4 Mei

Mpendwa Jadaan, mdogo wangu,

Salamu za Mwenyezi Mungu zikufikie huko Gothenburg ukiwa mzima wa afya na tumbo limeshiba. Baridi imepungua? Mama anauliza kama ile fulana ya sufu unaivaa au umeshampa mtu. Nimemwambia unaivaa, kwa hiyo usinifanye mwongo. Sisi huku hatujambo. Magoti yanamsumbua mama akiinuka kwenye sala, na baba ni yule yule, ubishi wake haujapungua hata chembe.

Mbuzi wamezaa vizuri. Yule wako mweupe amezaa mapacha, mmoja akafa.

Haya, sasa nije kwenye lako, maana najua umeshayaruka yote ya juu ukilitafuta jina la Wadha. Limo. Tulia usome.

Unajua tulipokwama. Ami Dhaifallah hakukukataa. Alisema tu kwamba hamwozeshi binti yake Wadha kwenye nyumba ya kaka asiyeketi naye. Na baba tangu ule ugomvi wa ngamia wa babu, aliowauza bila kumwuliza ami, na ami akamwita mwizi mbele za watu, alishakula kiapo: "Wallahi sitakaa nawe chini ya paa moja mpaka nife." Hata kwenye msiba wa bibi alisimama nje juani, mama yake mzazi! Usilolijua ni kwamba mwezi uliopita walikuja watu kutoka Mafrak kumposa Wadha, na ami akawaahidi jibu wiki hii. Sikukuandikia. Ungefanya nini huko zaidi ya kukosa usingizi?

Aliyepata dawa ni mama. Alikuwa anachambua dengu, akasema bila kuinua kichwa, "Mzee aliapia paa. Kule ngomeni paa liko wapi?"

Ni ile ile ngome ya kale ya makhalifa wa Bani Umayya, tulikokuwa tukichunga mbuzi, ulikoanguka ngazini ukapasua kidevu. Haijabadilika, ila kuta zimezidi kumomonyoka. Kilichobaki na dari ni kile chumba cha pembeni chenye kuba, kilichojaa masizi ya moto wa wachungaji.

Basi Ijumaa baada ya sala tukaenda, sisi na gari letu, akina ami na lao. Baba alishuka, akazunguka ua mzima ameinua uso juu kama mtu anayetaka kununua nyumba. "Paa hakuna," akasema. "Nimeridhika." Akaketi, mgongo ukutani. Ami naye akaketi ukuta wa pili, ua mzima katikati yao.

"Mutlak, kumbe bado uko hai?" ami akamwuliza.

"Nakungoja wewe utangulie."

Nikasema moyoni, alhamdulillahi, angalau wanasemezana.

Jua lilikuwa kali na upepo wa moto. Mume wangu Fawaz akaleta turubai atutandie kivuli. Baba akaruka: "Shusha! Hilo nalo ni paa!" Mama akamjibu, "Basi na hicho kilemba chako ni paa, kivue." Ami alicheka mpaka akakohoa, halafu akakumbuka kwamba amenuna.

Wadha akamimina kahawa. Baba alipokea kikombe akakiweka chini mbele yake, kama ilivyo desturi ya kuposa. Akasema hanywi mpaka apewe alichokijia. Ami akamjibu, "Kwanza sema kwamba kwenye wale ngamia ulikosea." Baba akatazama mbingu. Ami akakunja mikono. Wadha amesimama na birika mkononi, macho yake chini. Jadaan, nilimwonea huruma mpaka nikataka kuwapiga wazee wote wawili.

Wakakaa hivyo, hakuna wa kusema kwamba jua linamchoma. Na ami, kisukari chake unakijua. Mara akainama kidogo, akaanguka kwa ubavu. Tukapiga kelele. Fawaz na mimi tukambeba hadi kile chumba cha kuba, maana kivuli kingine hakikuwepo, tukamwagia maji, Wadha akamtia tende mdomoni. Sote tulikuwa ndani isipokuwa baba.

Ami alipofumbua macho, neno la kwanza, "Mutlak yuko wapi?"

"Nje," nikasema.

"Mwacheni. Ameapa."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi, amesikia. Akainama akaingia. Aliketi kwenye mavi ya mbuzi na kanzu yake ya Ijumaa, akakiinua kichwa cha ami akakilaza pajani pake.

"Wale ngamia nilikosea," akasema.

"Mutlak, paa."

"Naliona."

Ami akafumba macho. Akasema, "Kunywa kahawa yako."

Kahawa ilikuwa imepoa na mchanga umeingia. Baba aliinywa yote. Mama alianza kulia, na mimi pia, na hata Fawaz, ingawa amenikataza kukuandikia.

Ami sasa hajambo. Watu wa Mafrak wamekwishajibiwa kwa heshima. Jana baba alilipa kafara ya kiapo chake, akachinja akalisha maskini kumi. Ami akatokea bila kualikwa, akajipakulia sahani. Baba akamwuliza, "Haya, sasa mwizi nani?" Akamsogezea nyama.

Mama anakusalimu sana, na Fawaz, na wanangu. Wadha hakunipa salamu za kukuletea. Alikuja tu kuuliza siku ninayoandika barua, akakaa hapa mpaka sasa. Mungu akulinde ugenini, akurudishe kwetu salama. Omba likizo yako mapema. Baba amesema harusi itafanyika nyumbani kwa ami, ndani.

Dada yako akupendaye siku zote,
Turfa