Mrudishie Hawa Ufunguo Wake

Njombe, msimu wa baridi

Kaka yangu Selemani,

Shikamoo. Hiyo shikamoo ipokee, ni haki ya umri wako na ya ziwa moja tulilonyonya. Kwa ulilomtendea mwanangu sikuletei salamu yoyote. Mama hajambo? Goti linamruhusu kuinuka kwenye swala, au bado anaswali kwa kukaa? Wifi yangu naye? Muhogo ulishika mwaka huu? Nijibuni hayo, maana hasira zangu ni kwako peke yako, hazijaenea nyumba nzima.

Mimi huku ni mzima. Baridi ya mwezi huu inafanya maji ya kunawa yawe kama yana meno. Navaa sweta mbili na kanga juu yake, wenyeji wananicheka, "Mama wa pwani, umekuja na duka lote?" Kazi ni ile ile, napika chakula cha mchana cha vibarua wa mashamba ya chai, kisha nakipeleka mwenyewe hukohuko milimani. Juzi tajiri wangu alionja samaki wangu wa nazi akaniuliza kama nina dada yuko nyumbani. Nikamwambia ninaye, lakini mikono hii Mungu alitoa jozi moja.

Sasa nisikilize. Naandika kwa sababu nikipiga simu unasema mtandao unakata. Karatasi haikati. Na nimemwagiza mdogo wetu Somoe aisome mbele ya mama, wewe ukiwa umekaa hapo.

Hawa hakuniambia kitu. Nilipompigia alisema, "Mama, gari lipo, nimepumzika kidogo tu." Mtoto anakufichia aibu yako wewe mjomba wake, na wewe umemvua nguo mbele ya watu wanaotoka msikitini. Somoe ndiye aliyenieleza. Kwamba ulimwambia lete ufunguo hapa, akakupa kwa mikono miwili, nawe ukawageukia watu ukasema, "Mwanamke na usukani ni kuku na kandili, mwisho wake nyumba kuungua." Watu wakacheka. Ufunguo ukampa mwanao Shabani, ambaye leseni hana, na ambaye hata punda wa jirani aliwahi kumrudisha nyumbani bila mkokoteni.

Selemani, lile gari ni la Hawa. Nilimnunulia mimi, kwa moshi wa jiko hili. Na nilimnunulia kipisi, lile fupi lililokatwa nyuma, ambalo mlango wa nyuma unainuka juu na mizigo inakaa nyuma ya viti. Nililichagua nikijua ninachochagua. Akabeba nalo walimu na akina mama wanaokwenda kliniki, kati ya Tingi na Njinjo, kiangazi na masika, asimwage mtu. Wewe ukaenda Lindi nalo, ukarudi na jingine. La kampuni ile ile, injini ile ile, lakini lenye mkia, buti limechomoza nyuma kama kitako cha bata. Ukanitumia ujumbe kwamba umembadilishia mpwa wako gari la heshima. Sikuulizwa. Nikanyamaza, maana kwetu mjomba ana neno lake juu ya mtoto wa dada yake, na Hawa naye hawezi kumjibu mjomba. Kumbe heshima yenyewe ni kwamba ulikuwa na harusi Mingoyo, na kwenye kipisi magoti yako yalikuwa yanagusa kidevu.

Mimi magari hayo mawili nayajua kuliko wewe, na shule niliishia darasa la saba. Hapa kazini tunayo yote mawili, ndugu wa tumbo moja, kipisi na lenye mkia. Kila siku ya kazi nakaa kiti cha nyuma, sufuria la mchuzi mapajani, kwa sababu likiwekwa chini linalala. Mchuzi haudanganyi, kaka. Kila kitu linachofanya gari, mchuzi unakuambia kabla hujauuliza.

Ukiwa kwenye kipisi, tairi la nyuma liko chini ya makalio yako. Shimo likija linakupiga kiunoni, mchuzi unaruka juu, na usipofunika vizuri unanawa uso. Kelele za kokoto zinaingia ndani, vumbi linaingia, harufu ya vitunguu inakaa na wewe kama abiria. Sitasema uongo, kipisi kinachosha mgongo. Lakini kwenye kona, hasa hizi za milima ya chai zinazojikunja kama utumbo, mchuzi unatulia. Dereva akikata usukani, gari zima linageuka pamoja, kichwa na miguu.

Lenye mkia ni tamu kulikalia. Shimo unalisikia kwa mbali, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Mchuzi unalala. Hata mimi nimewahi kusinzia humo. Ila likifika kwenye kona ya kokoto, mbele inageuka kwanza, mkia unafuata baadaye, na mchuzi unaegemea upande mmoja wakati wewe umeshadhani kona imekwisha. Hilo ni buti likiwa tupu. Ukilijaza, umebeba kuni ndefu kichwani. Muulize mwanamke yeyote wa Tingi. Ukigeuza kichwa na mzigo wa kuni ndefu, ncha ya nyuma inachelewa, na ikija inakuja na nguvu, inampiga aliye nyuma yako.

Na Hawa anayajua haya. Alipokuja kunitembelea huku ndipo alipojifunza kuendesha, na dereva wetu Bwana Mgaya ndiye aliyemshika mkono. Mzee yule hana sifa za bure. Alimweka kwanza kwenye kipisi, kisha kwenye lenye mkia likiwa tupu, kisha akapakia viazi kwenye buti bila kumwambia, akasema twende. Mimi nilikuwa nyuma na sufuria langu. Hatukufika hata kwenye mti wa kwanza wa uzio, Hawa akapunguza mwendo.

"Baba, usukani umekuwa mwepesi. Kama nimeshika hewa."

Mgaya akacheka mpaka akakohoa. "Mama Hawa, huyu umemzaa au umemtengeneza gereji?"

Nikamjibu, "Nimemzaa, na gereji ni humu humu." Nikajipiga tumbo. Na mtihani wa leseni akapita mara ya kwanza, wanaume wawili waliokuwa naye wakarudia. Nilishakuambia habari hiyo, lakini naiandika tena, karatasi ni yangu mwenyewe.

Sasa tuje barabara ya Njinjo, siku iliyokufanya umnyang'anye Hawa ufunguo. Somoe alikuwa ndani ya gari, kiti cha mbele, usije ukasema kaambiwa na watu. Mlitoka Njinjo na ufuta wako. Buti mkalijaza magunia mpaka likakataa kufunga, mkalifunga kwa kamba. Wewe na rafiki yako yule mwenye mwili mkakaa nyuma, juu ya tairi. Pua ya gari ikatazama juu kama mbuzi anayesikia harufu ya mvua. Mwanangu akasimamisha gari kabla hamjafika mbali. Akasema kwa adabu zake zote, "Mjomba, naomba tushushe magunia, nitayarudia. Usukani ni mwepesi."

Nawe ukamjibu nini? Somoe ananiambia ulicheka. "Usukani mwepesi ndiyo raha ya gari la heshima, mpwa wangu. Twende."

Akaenda polepole. Ukamsemesha, "Unaendesha au unachunga? Mnunuzi ananisubiri." Rafiki yako naye akachangia, "Kwa mwendo huu ufuta utaota humu humu." Mkacheka. Mtoto wa watu akaongeza mwendo, kwa sababu aliyesema ni mjomba. Ile kona ya mteremko, penye kokoto zilizomwagwa na mvua, mkia ukaja. Gari likageuka likatazama lilikotoka, likaingia kinyumenyume kwenye muhogo wa watu. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Wewe ulichoumia ni kanzu, ile nyeupe ya harusi ya Mingoyo, uliposhuka ukakanyaga pindo ukakaa kwenye tope. Na Hawa ndiye aliyezima injini, akakushika mkono kukuinua, akaenda kumwomba radhi mwenye shamba. Hayo msikitini hukuyasema. Hukusema magunia. Hukusema alikuomba msimame. Ulisema kuku na kandili.

Unajua kilichonikera zaidi? Hukunishangaza. Unakumbuka baiskeli ya baba? Ulinipakia kwenye keria, mimi binti mdogo, na nyuma yangu ukafunga dumu la mafuta ya taa. Nikakuambia, "Kaka, tairi la mbele linaelea." Ukasema, "Kaa kimya, shika kiuno." Kwenye mchanga tukaanguka, mafuta yakamwagika yote, na tulipofika nyumbani ulimwambia mama, "Ni Asha, alitikisika." Nikachapwa mimi. Leo umekuwa mtu mzima mwenye mvi, umepata gari badala ya baiskeli, na bado unapakia nyuma kupita kiasi, na bado aliyetikisika ni mwanamke. Mimi nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa mtoto. Kwa Hawa sikai kimya.

Sasa walimu wa Njinjo wanampigia simu Hawa, anawaambia anapumzika. Mama mjamzito mmoja kapelekwa kliniki kwa pikipiki. Na mtoto wangu anakaa uani anachambua dagaa, akisikia gari lake likipita na Shabani anasugua gia kama anakuna nazi. Kila siku inayopita, watu wanazidi kuamini kwamba hajui. Mwisho ataamini na yeye. Hapo ndipo utakuwa umemwua, na hilo hutaweza kulilipa.

Kwa hiyo sikuombi. Wewe ni mkubwa wangu, mengi nimekuomba maishani, hili nakuagiza.

Kwanza, Shabani asiguse tena usukani mpaka ajifunze. Nampenda, ni mwanangu, akitaka aje huku, Mgaya atamnyoosha.

Na Ijumaa, watu wakitoka kuswali, simama pale pale uliposimama. Sema kwa sauti ile ile kwamba magunia yalikuwa yako na mtoto alikuomba yashushwe. Mkabidhi ufunguo kwa mkono wa kulia. Halafu usiondoke. Nimemwagiza wifi apike mchuzi wa samaki, wenye bizari ya kutosha, aujaze kwenye sufuria karibu na ukingo. Vaa ile kanzu nyeupe, najua wifi alishaifua. Ingia kiti cha nyuma cha gari lako la heshima, buti likiwa tupu, uweke sufuria mapajani bila mfuniko. Mwambie Hawa akupeleke Njinjo na kukurudisha, kwa mwendo wake mwenyewe, na wewe mdomo ufunge, macho yako yawe kwenye mchuzi tu. Ile kona ya mteremko utaifika. Utaona mchuzi ukiegemea, utaona anavyousubiri mkia utulie ndipo akanyage mafuta. Hapo utajua mwanangu ni nani.

Nisalimie mama, umbusu mkono wake, na usimzuie Somoe kumsomea kipande cha baiskeli hata kikikuchoma. Wifi yangu mpika mchuzi, mwambie sweta yake naifuma, imebaki mikono. Somoe mdogo wangu, macho yangu ya nyumbani, Mungu amlinde. Shabani mkunie kichwa. Hawa msimsomee barua hii. Mwambieni tu mama yake kasema aoge, avae vizuri, Ijumaa ana safari.

Wewe nawe nakusalimia sasa, hasira imeshuka kidogo kwa kuandika. Umenibeba mgongoni, umenilea baba alipofariki, ndiyo maana nakuandikia wewe na siendi kwa mjumbe.

Kanzu ikirudi nyeupe, ufunguo ni wa Hawa na hakuna mtu atakayeugusa tena, hata mimi. Ikirudi na doa, itie kwenye basi iletwe huku. Nitaifua kwa mikono yangu, na maji haya yalivyo ya baridi.

Ni mimi mdogo wako,
Asha, mama yake Hawa