Swali Aliloulizwa Kaka Kuhusu Mama

Jumapili. Asubuhi palinyesha manyunyu tu, yakatuachia joto la kunata. Nimerudi mjini Bariadi kutoka nyumbani Sapiwi, na moyo wangu mzito.

Kaka zangu ni wawili. Masanja, mkubwa, ni katibu wa tawi la chama tawala. Nkuba aliingia upinzani mara tu vyama vingi viliporuhusiwa, na sasa anagombea udiwani. Siku zote walibishana kwa utani, juu ya barabara, juu ya wanunuzi binafsi wa pamba, na Mama akiwacheka.

Safari hii wanagombania muswada wa mipaka na uhamiaji, ule ambao redio inautaja kutwa. Masanja anasema serikali yake itawafukuza wahamiaji haramu. Nkuba anajibu kwamba serikali hiyohiyo ndiyo iliyoacha mipaka wazi, na kwamba yeye akipita, wageni watasakwa kaya kwa kaya. Kila mmoja anataka aonekane mkali kuliko mwenzake.

Mama yetu alizaliwa Burundi.

Aliletwa na mjomba wake akiwa msichana mdogo, wakikimbia mauaji. Akaolewa na baba, akakijua Kisukuma mpaka akawa anawasahihisha wakwe zake. Sidhani kama tulilificha jambo hilo. Tulilizoea, tukaacha kulisema.

Alhamisi, kwenye mkutano wa Nkuba, mtu mmoja wa chama cha Masanja alisimama akauliza, "Mgombea, mama yako kwao ni wapi?"

Nkuba akasema kwenye kipaza sauti, "Tuendelee na maswali mengine."

Leo nilimsindikiza Mama kanisani. Tulipotoka tukakutana na Mama Kabula, jirani yetu tangu sijazaliwa. Kila siku humwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama: "Mwadila, mayu." Leo alisema, "Habari yako," kwa Kiswahili, kama anavyowasalimu maofisa kutoka wilayani. Mama aliitikia vizuri. Kisha akatangulia njiani.

Kaka zangu walikuja kula mchana. Ugali ulikuwa haujaguswa Nkuba alipoanza.

"Wewe ndiye uliyewaambia."

"Nimuuze mama yangu kwa ajili ya udiwani wako?" Masanja akajibu.

"Ulikuwepo pale. Mbona hukumkemea yule mtu?"

"Na wewe ulikuwa na kipaza sauti mkononi. Mbona hukujibu?"

Wakasimama wote wawili. Nilijua mmoja akinyanyua mkono, hatutakuwa tena na nyumba ya kurudi.

Hapo Mama akaanza kusema, polepole, bila hasira, kwa lugha ambayo sijawahi kumsikia akiisema. Alisema kwa muda mrefu, macho yake yakiwa mlangoni. Sisi watoto wake watatu tulibaki tumemkodolea macho. Hatukuambulia hata neno moja.

"Mayu, unasema nini?" Masanja aliuliza, sauti imemshuka.

"Kuleni. Chakula kinapoa."

Hawakula. Masanja aliondoka kwanza, bila kuaga. Nkuba alipiga magoti mbele ya Mama, akamwambia ataliondoa jina lake kwenye uchaguzi. Mama akamjibu, "Ungelisema pale lile jambo langu, mwanangu, kwamba kwetu ni Burundi, lisingekuuma hivi." Nkuba akatoka akijifuta uso kwa mkono wa shati.

Nilibaki kuosha vyombo. Nina watoto wawili mimi, na sikuwahi kumuuliza Mama kwao wanambembelezaje mtoto alale. Nikamwomba anifundishe yale maneno aliyoyasema.

"Umechelewa, Minza," alisema. "Mengi yamenitoka hata mimi. Leo nilikuwa nayatafuta."

Aliyasema kwa upole, na ndiyo maana bado yananichoma.

Jumapili ijayo nitakwenda peke yangu, pasipo mtu wa chama chochote. Nitakaa naye jikoni, anipe hayo machache yaliyobaki, hata yakiwa ni majina ya vyakula tu.