Kucha za Laobani

Da Zuhura,

Assalamu alaikum huko uliko. Nakuandikia habari za paka wako, maana najua ndizo ungeziuliza kwanza, kabla ya kuniuliza mimi nimekula nini.

Tangu ututoke, Laobani hashikiki. Wewe ndiye uliyempa jina tunalowaitia wenye maduka hapa Guangzhou, ukisema naye bosi, hafanyi kazi ila kuhudumiwa. Basi bosi wako ameikwaruza mikoba ya Mama Neema, sampuli alizozitoa kule viwandani Shiling akazipanga sebuleni. Unamjua Mama Neema, akisema kasema: "Paka wa ndani kucha za nini? Zitolewe, ama atoke yeye." Na nyumba tumepanga pamoja, dada. Peke yangu siiwezi.

Kisha ukucha mmoja ukanasa kwenye zipu, ukang'oka vibaya, kidole kikatunga usaha. Daktari wa wanyama akasema huo hauna budi kutolewa. Akaniuliza, maadamu atakuwa amelala kwa dawa, amalize zote? Nilikaribia kuitikia. Nikauliza kwanza zinatolewaje. Akanishika kidole, akanibonyeza kwenye kiungo cha mwisho. Kinakatwa hapa, akasema, kila kidole. Nikakukumbuka ukijaribu ngozi ya mikoba kwa ukucha wako, wenye mali wakinuna. Nikamwambia huo mmoja tu.

Anaendelea vizuri. Kola ya plastiki aliyovishwa asirambe kidonda inamuudhi, anajigonga kila mlango. Mchanga wa sanduku lake la choo ungemwingia kidondani, kwa hiyo badala yake namchania zile karatasi laini zinazojazwa ndani ya mikoba. Ndiyo, mikoba ya Mama Neema. Alininunia, akahamishia sampuli zake chumbani. Halafu nikamkuta anazichana karatasi yeye mwenyewe, eti mimi nachana vipande vikubwa.

Sasa hachechemei. Jana alipanda kitandani kwako, ambako nimeuweka mswala wako tangu siku tuliyokusafirisha, akaukwaruza hadi nyuzi zikatoka. Nilinyanyua mkono nimfukuze, nikashindwa. Nikaketi kando yake nikalia. Msibani sikulia, dada, hata watu walinishangaa. Jana nililia mpaka Mama Neema akaja kunishika bega.

Pumzika, Da Zuhura, Mola akulaze pema. Kucha zake nitazipunguza mwenyewe, ncha tu. Na humu ndani hatoki, labda nitoke naye.

Mdogo wako,
Saumu