Bibie ana maziwa na nyumbani hakuna mtoto

Mpendwa mshauri,

Pokea salamu zangu na unisamehe mwandiko, shule sikufika mbali, lakini haya nimeshindwa kumwambia mtu wa karibu nikaona bora nikuandikie wewe usiyenijua. Mimi ni mama mtu mzima, nafua mashuka ya nyumba ya wageni, naishi na mwanangu anayechomelea mageti, na mkewe, mkamwana wangu, binti mpole ambaye tangu aolewe hajanijibu vibaya hata siku moja, na mbwa wetu jike tunayemwita Bibie kwa ule mwendo wake wa maringo.

Mkamwana wangu alijifungua mtoto wa kike na mtoto hakulia. Tulimzika kesho yake, na tuliporudi nikakusanya nguo zake zote nikazifungia kwenye sanduku la bati, nikawaambia watu wote wa humu ndani wasimtaje mtoto mbele ya mama yake wasije wakamtonesha, na kweli hakuna aliyemtaja, nyumba ikawa kimya kama hakukuwa na kitu.

Sasa nije kwenye shida yenyewe. Bibie alikuwa kwenye joto siku zile tunamngoja mtoto, madume yakajaa getini, mwanangu akamfungia stoo mpaka likaisha, hakuna dume lililomgusa, hilo naapa. Lakini baada ya msiba nikaona chuchu zimevimba na maziwa yanatoka, anakokota matambara chini ya kitanda cha mkamwana anatengeneza kiota, halafu siku niliyofungua sanduku kutia dawa ya mende akachomoa soksi za mtoto na kofia yake, akazilalia, akawa anazilamba kama kazizaa yeye, ukisogea anakunguruma. Nikamhurumia, nikawa nampashia maji namkanda na kumkamua ili apate nafuu, na kadiri ninavyomkamua ndivyo yanavyozidi kuja. Jirani yangu fundi cherehani akachungulia akasema, "Mwenzangu, mbwa hakupandwa, hayo maziwa ya nani? Hapo kwenu pana mkosi." Nikamwambia mkosi ni huo mdomo wako, lakini moyoni lilinichoma.

Mkamwana naye amehamia sakafuni, anashinda na Bibie, wanakula sahani moja. Yeye mwenyewe niliwahi kumwona amejifunga kipande cha shuka kifuani na gauni limelowa mbele, nikajifanya sioni, nikageuka na beseni langu, maana nilijua nikisema neno atalia na mimi nitalia. Mwanangu juzi akaenda kuchukua zile soksi, Bibie nusura amng'ate, akaniambia, "Mama, huyu mnyama anatucheka. Jumamosi namleta mtu amchukue." Mkewe akajibu palepale chini, wala sauti hakupandisha, "Akitoka huyu na mimi nimetoka." Mwanangu akasema, "Kumbe nilioa mbwa," akacheka peke yake, akatoka, siku hizi anarudi amelewa.

Mshauri, nimtoe Bibie mwenyewe kimyakimya kabla ya Jumamosi? Nikimtoa nampoteza mkamwana, nikimwacha nampoteza mwanangu. Nifanye nini?

Mama wa mashuka

*

Mama wa mashuka,

Pole sana, na pole kwa wote watatu. Sasa soma taratibu, maana nitakugombeza kidogo.

Nimemuuliza daktari wa mifugo kabla ya kukujibu. Ulichonacho nyumbani si mkosi. Mbwa jike akimaliza joto, baada ya mwezi mmoja au miwili mwili wake unaweza kujidanganya kwamba una mimba, hata kama hakupandwa: atatoa maziwa, atatengeneza kiota, atachagua kitu akilee. Inaitwa mimba ya uongo, na mara nyingi huisha yenyewe baada ya wiki kadhaa. Mwambie fundi wako arudi kwenye cherehani yake.

Lakini acha kumkamua, leo hii. Acha na maji ya moto. Unamkamua kwa huruma, na mwili unasikia kwamba kuna mtoto ananyonya, unatengeneza mengine. Usiruhusu ajilambe chuchu, mvishe fulana kuukuu. Mtoe atembee, na akiwa nje ndipo uondoe matambara, usimnyang'anye mbele yake. Mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii amkague. Ukiona chuchu imekuwa ngumu, ya moto au nyekundu, au anatoka uchafu nyuma, amekataa chakula na anakunywa maji kupita kiasi, usingoje kesho, hayo yanaweza kuwa maambukizi ya matiti au ya kizazi, na mbwa hufa nayo. Maziwa yakikauka kabisa, omba afungwe kizazi, yasijirudie.

Bibie hatoki. Mwambie mwanao hivyo kwa sauti ya mama, na umwambie akiwa hajalewa. Yeye hamchukii mbwa. Amezika binti yake, akarudi kazini, na wewe umemfunga mdomo. Mtu aliyekatazwa kulia atatafuta wa kumpiga teke.

Na hapa ndipo ninapokukasirikia, mama yangu. Maziwa ya mbwa umeniandikia mistari na mistari. Ya mkamwana wako umeyaandikia mstari mmoja, na ndani yake umegeuka na beseni. Yule binti alikuwa anavuja maziwa ya mtoto aliyezikwa, akajifunga shuka peke yake, na katika nyumba nzima aliyekuwa kwenye hali kama yake ni mbwa. Ulitaka akae na nani?

Kama kifua bado kinamuuma, kimejaa na kuwa kigumu, au ana homa, mpeleke kliniki, na lile shuka alifungue, linamdhuru. Hizo soksi ziosheni, azihifadhi yeye mwenyewe, si wewe na kufuli lako.

Usingoje Jumamosi. Ukishaweka chini gazeti hili, ingia chumbani kwake, keti sakafuni, umwambie ulimwona siku ile ukageuka. Kisha mwulize mtoto alifanana na nani. Atalia, na wewe utalia. Usiinuke.