Zablon Wafubwa wa Endebess: Mwaka Mmoja Bila Kaburi

Mwaka mmoja unatimia leo, Baba, tarehe nane Machi 2016, tangu ulipojilaza kando ya trekta kwenye shamba la watu, kusini mwa Riyadh, na usiinuke tena. Wenzetu wakifikisha mwaka huenda kaburini kung'oa magugu na kuweka maua. Sisi hatuna pa kwenda. Bado umelazwa kwenye chumba cha baridi cha hospitali, Riyadh, na nyumbani hakuna shimo lililochimbwa.

Naandika mimi, Stacy, kwa niaba ya wote, kwa kuwa katika familia mimi ndiye niliye karibu nawe zaidi. Hata huo ukaribu ni wa kilomita karibu elfu moja, maana nafanya kazi za nyumbani Jeddah na siruhusiwi kutoka nitakapo.

Endebess inakukumbuka. Wewe ndiye uliyekataa kuchoma mabua baada ya kuvuna. Uliyaacha yalale yashike udongo, kwa sababu uwanda ule ukikauka, upepo hubeba shamba la mtu ukampelekea jirani. Watu walikucheka njiani. "Fundi, shamba lako halijanyolewa!" Nawe ukawajibu, "Lenu mmelinyoa hadi ngozi." Mwaka wa ukame walikuja mmoja mmoja kuangalia mahindi yako yaliyokuwa yamesimama, na hukumkumbusha yeyote alichokuwa amesema.

Ulifufua josho la ng'ombe lililokuwa limegeuka nyumba ya vyura. Kila Jumanne ulifika kabla ya wote, na buti zako za mpira, ukiwaita ng'ombe wa watu kwa majina hata pale ulipokuwa umesahau ya wenyewe.

Halafu ile trekta ya chama cha wakulima. Wewe ndiye uliyekuwa dereva, na mvua ya kwanza ikinyesha kila mtu alitaka alimiwe leo. Ukaanzisha kura. Majina yote yaliingia kwenye kofia yako, la mwenye ekari thelathini na la mjane mwenye robo ekari, isipokuwa jina moja. Mama alikuuliza mbele yetu, "Baba Stacy, letu liko wapi?"

"Dereva hula mwisho," ukasema.

"Basi leo nitawapikia watoto hiyo methali."

Tulicheka sote, nawe ukacheka kutushinda. Lakini shamba letu lilipandwa mwisho kila mwaka, na ugonjwa wa mahindi ulipoingia, yaliyochelewa kupandwa ndiyo yaliyokauka yote. Hatukupata hata gunia moja. Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, Kitale.

Ndipo wakala alipofika sokoni akitafuta madereva wa trekta wa kwenda Saudia. Ulimwamini. Ulipofika Riyadh ulipewa kiti cha plastiki na lango la jengo la kupangisha, mtaa wa Malaz. Trekta haikuwapo. "Nalinda lango, Stacy mama," uliniambia kwa simu. "Tangu nije halijaota hata jani moja." Uliliketia lango lile hadi nikamaliza chuo.

Siku za Ijumaa ulianza kumfuata rafiki yako Msudani kwenye shamba la majani ya mifugo, nje ya mji. Uliwatengenezea trekta iliyokuwa imewashinda, wakakuomba ubaki. Nawe ukafanya kama tunavyofanya kwetu. Ulivaa shati safi, ukampelekea kafili wako, yule mwajiri aliyekuleta nchini, funguo za lango, ukamshukuru, ukamweleza unakokwenda na kwa nini. Hakukujibu kitu. Kwetu, bosi akinyamaza amekubali. Huku, aliyekuandikia ikama, kile kibali cha ukaazi, ndiye mwenye ruhusa yako ya kukaa na ya kuondoka, na jioni ile ile alikuandikisha kuwa mtoro. Hukujua, Baba. Ni mtoro gani anayeaga?

Tangu siku hiyo sauti yako ilikuwa ya mtu mwingine. Ulipiga simu ukipayuka kama mtoto. "Huku shamba ni la duara! Mtambo wa maji unazunguka polepole mchana kutwa. Na mchanga huu, watu wanausingizia tu. Ukiunywesha, unazaa." Wakati huo nami nilikuwa nimefika Jeddah, kwa sababu cheti changu kilikuwa hakijanipatia kazi nyumbani. Tulikaa nchi moja miezi minane bila kuonana. Ulisema nisihangaike, tutaonana Endebess.

Moyo, walisema madaktari.

Kafili wako alisema, "Huyo si mtu wangu, alitoroka." Mwenye shamba naye akasema hukuwa na karatasi zake. Bila sahihi ya mmoja wao huwezi kupandishwa ndege. Allan, kijana wa kwetu anayeendesha gari la tajiri mmoja mtaa wa Al-Sulimaniyah, hukohuko Riyadh, amekuwa akienda hospitalini kukuulizia kila anapopata mapumziko.

"Leo wamesemaje?" nilikuwa nikimuuliza.

"Wamesema kesho."

"Si wiki jana pia walisema kesho?"

"Ni ile ile, Stacy. Bado hawajaitumia."

Mimi nilimpigia kafili mara moja. Aliposema, "Nani?" nilikata simu. Nisamehe, Baba. Siku ya tatu nilipiga tena, nikasema yote niliyokuwa nimeyaandika kwenye karatasi. Safari hiyo alikata yeye.

Nyumbani, Baba mdogo Naftali na wazee walitaka kuzika mgomba mahali pako, kama inavyofanywa mtu wetu anapopotelea mbali, ili kilio kifungwe na watu wapumzike.

"Shemeji, mwaka unakwisha," Baba mdogo alimwambia Mama. "Nyumba haiwezi kukaa hivi."

"Mgomba huchipuka, Naftali. Ukiota kaburini nitawaambia watoto baba yao amefanya nini?"

"Tutaukata mizizi."

"Mwenye mizizi yake yuko Riyadh. Nileteeni yeye."

Wazee waliondoka bila kunywa chai. Mama hajavaa mavazi ya ujane hadi leo. Kila ndege ikipita juu ya Endebess husimama uani, kisha hurudi jikoni. Binti yako Lois ndiye aliyeniambia. Mama mwenyewe hawezi kuniambia.

Tumeandika barua, Baba. Mwanao Elkanah amekwenda Nairobi mara nne, akalala kwenye viti vya watu. Kanisa limefunga na kuomba. Wale uliowapigania zamu ya trekta walitia sahihi zao, wasiojua kuandika wakaweka kidole gumba, karatasi tatu zikajaa, tukazituma huku. Hakuna aliyetujibu. Tulifika mahali ambapo hatukujua tena tumwombe nani.

Mwezi uliopita Allan alipewa taarifa kwamba hospitali haiwezi kukuhifadhi tena. Ama jamaa akubali kwa maandishi uzikwe huku, ama wao waamue wenyewe. Mahali palipopatikana ni kwenye makaburi madogo ya wageni wasio Waislamu, hapa Jeddah. Tulipewa siku saba, na kwa kuwa mimi ndiye wa damu yako pekee katika nchi hii, sahihi ilitakiwa iwe yangu.

Tulizungumza sote kwa simu. Elkanah alilia. Baba mdogo alisema, "Mtu aliyewalimia watu wote wa Endebess, akose futi sita kwao?"

"Rael," Baba mdogo akamwita Mama kwa jina lake. "Sema basi."

"Mzike, mwanangu," Mama akaniambia. "Yule ni mtu wa jua. Amekaa mwaka mzima kwenye barafu, inatosha." Kisha akauliza, "Lakini huko atabaki na nani?"

Tukaagana.

Mkataba wangu unakwisha mwezi wa sita. Siku zangu katika nyumba hii si rahisi, na leo si mahali pa kuzieleza. Nilikuwa nimeshaanza kukunja nguo. Kesho yake, nilipomaliza kuosha vyombo, nilimwendea madam sebuleni nikamwomba aniongezee miaka miwili, na siku ya mazishi anipe ruhusa ya saa chache. Akaweka simu yake chini.

"Wewe? Si kila mwezi unalia unataka kwenu?"

"Ndiyo, madam."

"Sasa kumetokea nini?"

"Baba yangu anahamia Jeddah."

Nimetia sahihi zote mbili. Watakuleta Alhamisi hii kwa barabara, na Allan ataomba siku akusindikize. Mama, haya ya mkataba ndiyo kwanza unayasikia. Niliogopa kukuambia kwa sauti, ungenikataza, nami ningekutii.

Tunaokukumbuka ni mkeo Rael. Watoto wako Stacy, Elkanah na Lois. Ndugu yako Naftali na mkewe Susan. Allan, aliyekuulizia mwaka mzima. Pamoja na wanachama wote wa josho na wa trekta, Endebess.

Tutakukumbuka maisha yetu yote, Baba.