Chapa Kwenye Mtutu

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila paa la karakana linavuja palepale. Macho yanaendeleaje huko hospitali? Barua hii akusomee Dada, na ruksa acheke mwandiko wangu.

Mkuu wa askari wa wanyamapori ameleta bunduki ya marehemu baba yake. Risasi zake hazitengenezwi tena. Anataka tuitanue chemba, pale risasi inapokaa, ipokee risasi ndugu yake inayouzwa sasa: kichwa ni kilekile, ganda tu limezidi urefu kidogo. Nimeukagua mtutu ndani na nje, nikapima unene wa chuma. Ni mzima, na risasi mpya haizidi nguvu ile ya zamani. Kaka anasema tungoje upone. Mimi naanza kesho.

Binti yako

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Jicho la kulia sasa linaona vidole; la kushoto bado limenuna.

Ikate chemba hiyo. Mkono wako naujua, nimeufundisha mwenyewe. Kekee ipeleke taratibu ndani ya chuma, isafishe kila mara, wala usione aibu kupima tena na tena. Lakini ukimaliza, gonga chapa yangu, na siku ya kukabidhi kaka yako ndiye apige risasi ya kwanza mbele ya mwenye mali. Mkuu yule hatalaza shavu lake kwenye kazi ya msichana. Usinifukuzie mteja.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Nashukuru jicho moja limerudi kazini. Hilo lingine libembelezeni.

Chemba imekamilika. Niliifunga bunduki kwenye tairi, nikaifyatua kwa kamba nikiwa nyuma ya ukuta. Maganda yametoka laini, hayana ufa wala uvimbe. Jina la risasi ya zamani nimelifuta, nikagonga la mpya, asije mtu akaweka isiyo yake. Imebaki chapa ya fundi.

Wewe ndiye uliyetuwekea sharti: aliyekata ndiye apigaye ya kwanza mbele ya mteja, bega lake liwe dhamana. Sasa bega la Kaka, ambaye kazi yake ni kupokea wateja, linadhamini nini? Na mtutu huu ukija kupasuka, wakuulize wewe ambaye hukuugusa? Chapa si sifa, Baba. Ni anwani ya kuulizia. Nataka waje kwangu.

Binti yako

28 Machi

Mwanangu,

Nimekwisha kusema. Karakana ni yangu, bango ni langu. Maneno umeyapata shuleni. Kazi umeipata kwangu. Fanya nilivyokuagiza, au funga mlango, funguo umpe kaka yako.

Baba yako

16 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini dawa mpya haiwashi kama ile ya kwanza.

Mkuu alikuja Jumamosi. Kaka alikuwa mlangoni na shati lake la pasi, jasho linamtoka. Bunduki niliichukua mimi.

"Fundi yuko wapi?" Mkuu akauliza.

"Unamtazama."

"Binti, sikuja kwa mzaha."

"Na mimi sikubana chuma kwenye jiliwa kwa mzaha."

Nikaiweka begani, nikapiga. Nilipofungua, ganda likaanguka miguuni pake. Aliliokota, akaligeuzageuza. Kisha akaiona chapa yangu kwenye mtutu.

"Mimi nilileta kwa baba yako. Futa hiyo, gonga ya mzee, nitaichukua."

Kaka akakimbia kuniletea tupa. Ameishika kwa ncha, maskini, kama mkia wa panya. Nikamwambia airudishe.

Bunduki imebaki kabatini, Mkuu kaondoka na hasira zake. Atakuja kukulalamikia, mpe kiti. Ila kabla hujanijibu ujue hili: nimeigonga kwa kina. Atakayetaka kuifuta itambidi akwangue chuma mpaka mtutu ukonde, na mtutu uliokonda hapo haufai kupigwa na yeyote. Kwa hiyo bunduki ile itaishi na chapa yangu, au haitaishi.

Funguo ninazo mimi. Kesho nafungua.

Binti yako