Mahali Pako Bado Panatetema

Ndugu yangu Barasa,

Tangu jiwe lile likuangukie ukingoni mwa ziwa Elmenteita sijakuandikia, maana nilikuwa nimekukasirikia. Umetangulia ukaniachia nyaya zote nibebe peke yangu.

Tumerudi kupima ule mwamba wa ziwani. Bwana mpimaji anataka kujua ufa ulioliangusha jiwe lile umeelekea wapi, kwa sababu nyumba za wafanyakazi ziko karibu, na mkeo Nafula na watoto wanalala humo. Kazi ni ile ile. Tunachomeka masikio, vile vikopo vinavyosikiliza ardhi, kwa mstari mmoja. Baruti inalipuliwa, na mashine ndani ya lori inachora mtikisiko kwenye karatasi. Kabla ya mlipuko kila mtu anaganda, maana hata hatua ya mguu huchorwa. Wewe hukuweza kutulia hata kidogo. Mguu huu, mguu ule, mpaka nyapara anafoka: "Barasa! Simama! Unaharibu karatasi!" Nasi tunacheka chinichini.

Basi sikia. Pale ulipokuwa ukisimama hasimami mtu sasa. Lakini karatasi ikishasafishwa kama picha na kuanikwa, mstari wa sikio la pale unatetema kabla ya baruti. Mingine yote imenyooka. Tumebadilisha sikio, tumebadilisha waya. Bwana anasema ni upepo. Upepo gani, na majani hayakutikisika? Naogopa, Barasa. Nikifika pale natandaza waya bila kuinua macho.

Na ufa umepita chini ya nyumba yako. Mtikisiko unachelewa kufika upande ule, ndivyo mwamba uliopasuka unavyofanya. Nilimweleza Nafula ahame. Alikataa katakata: nyumba uliijenga kwa mikono yako, hatoki. Nikarudi tena, na kwa kukosa la kusema nikampa habari za ule mstari. Alicheka huku machozi yanamtoka. "Huyo ni yeye tu," alisema. "Hata kanisani nilikuwa namfinya ndio atulie." Akaanza kufunga vyombo.

Sasa yuko Subukia kwa kaka yake. Wanao wanakula vizuri. Nitakuwa nikienda kuwaona kila nikipata ruhusa, hilo nakuahidi, na paa lao likivuja nitaliziba mimi.

Kesho tunalipua tena, nami nitachomeka sikio pale pako. Nyumbani hakuna mtu, ndugu yangu. Wametoka wote.

Simama sasa.

Kiprono